UZI: Barabara ilipokuwa nyeupe Malindi tuliendesha kama hakuna watu, na watu walikuwepo

DerevaWaZamani_MLD (mwanzisha uzi)

Salamu zenu wote.

Juzi stegi ya Malindi vijana walikuwa wanakumbushana mambo ya 2020. Mmoja akasema kwa fahari, "Siku za korona mimi nilikuwa natoka hapa mpaka Kilifi dakika 35." Wenzake wakampigia makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma yao na kikombe cha kahawa tungu, nikanyamaza, kwa sababu dakika hizo mimi pia nimewahi kuzipiga. Usiku sikulala vizuri. Lililonishinda kusema pale nalisema hapa.

Kwa aliyesahau. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe. Tarehe 27 kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale, huingii hutoki. Ukifika daraja la Mtwapa unageuza. Ndege za nje zilikuwa zimeshasimama, wageni wamekwenda kwao, hoteli makufuli, tuktuk zimepangwa uani zimefunikwa turubai. Kuanzia Mida mpaka Gede, pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapoandamana na lami, nyani walikuwa wanajikalia katikati ya barabara wakichambuana chawa.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Matatu ya watu 14 tuliambiwa tubebe 8. Kabla ya hapo nilikuwa napiga tripu 6 kwa siku, nikihesabu kwenda moja na kurudi moja, yaani watu 84 gari likijaa. Kwa watu 8 ili ufikishe 84 unahitaji tripu 10 na nusu. Na kafyu imekula jioni yote, na abiria wenyewe hawapo. Nauli tuliipandisha, lakini nani alikuwa na pesa Malindi ile? Tajiri mwenye gari alipunguza kidogo tu hesabu ya jioni, yaani pesa ninazompelekea, kwani mkopo wa gari ulikuwa palepale. Basi pengo tukalitafuta kwenye mguu wa kulia.

Gavana ya spidi, kile kifaa kinachobana mwendo, niliifungua mwenyewe. Tangu sheria za waziri Michuki za 2004 kila matatu inatakiwa ikomee kilomita 80 kwa saa. Yangu ilikuwa haikomei. Nilikuwa nikishapita kona ya Msabaha naikanyaga mpaka 110, 115, na hakuna aliyenipigia kelele. Askari wengi walikuwa wamepelekwa kwenye vizuizi na doria za kafyu. Trafiki niliyemzoea pale njiani sikumwona wiki kadhaa.

Sasa jambo ambalo hatukulifikiria kabisa. Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto wote wa Msabaha, Gede, Matsangoni, Tezo walikuwa nyumbani, kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi. Na mtoto akiona lami imenyooka haina gari, hiyo ni uwanja. Wanajifunza baiskeli pale, wanasukuma ringi pale, wasichana wanaruka kamba pale. Barabara sisi tuliiona tupu kwa sababu tulikuwa tunahesabu magari.

Ilikuwa Mei, Ramadhani imebaki kama wiki moja. Masika, lami imelowa, mvua imekatika kama nusu saa hivi. Nimetoka Kilifi saa kumi na moja kasorobo na watu wangu 8, wote wanataka wawahi kufuturu, na mimi nataka nifike nirudishe gari kabla ya saa moja. Kuanzia Matsangoni kulikuwa na gari dogo jeupe, ananipita, nampita, ananipita tena. Tulikuwa tunashindana, nasema ukweli. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele akaniambia, "Mwanangu, futari hata ikiwa ya maji itatosha." Nikamjibu, "Tunafika, mama."

Kabla ya Msabaha nikaona mawe mawili barabarani, upande mmoja. Mbele kidogo mengine mawili. Nilichelewa kuelewa kwamba yale ni magoli. Watoto walikuwa wameshaanza kukimbilia pembeni kwa sababu walisikia injini, ila mmoja akarudi kuchukua mpira.

Nilikanyaga breki na kutoka nje ya lami, gari likateleza kwenye mchanga uliolowa, likasimama limeinama upande wa mtaro. Lile jeupe lilikuwa nyuma yangu. Nilipotoka njiani nililiachia njia.

Mtoto hakufa. Mfupa wa paja ulivunjika na nyonga ikaumia. Alikuwa na miaka 8. Gari jeupe lilipunguza mwendo, taa za breki nikaziona zikiwaka, kisha likaondoka. Mpira ulikuwa umekwama chini ya gari langu, sijui ulifikaje pale, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya manila, umelowa mzito kama jiwe. Niliushika mkononi muda mrefu bila kujua naushikia nini. Abiria walishuka, tukamlaza mtoto kwenye kiti cha nyuma, babake akapanda na yule mama wa mbele akakataa kushuka. Adhana ya magharibi ilitukuta njiani. Yule mama alifungua swaumu kwa maji ya chupa na mkono wake mwingine ameushika mguu wa mtoto usitikisike.

Sikumgonga mimi. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi. Lakini yule wa gari jeupe alikuwa anashindana na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Ndiyo maana nikisikia dakika 35 sichekelei. Malindi mpaka Kilifi ni kama kilomita 60. Kwa 80 ni dakika 45. Kilichookolewa ni dakika 10.

---

MkaziWaGanda

Pole sana mzee wangu. Ila mimi naona unajibebesha mzigo wa watu wengine. Kafyu ya saa moja ndiyo iliyotukimbiza. Mimi nilikuwa naendesha boda, na ikifika saa kumi na mbili na nusu kila mtu barabarani ni mwendawazimu: pikipiki, pikapu za mchanga, magari ya watu binafsi. Ukikamatwa saa moja na dakika tano unalala ndani au unaachana na pesa ya siku tatu. Na viboko vilikuwepo, tusisahau. Mtu akichagua kati ya kiboko na spidi, atachagua spidi. Waliopanga saa ile hawakufikiria mtu anayetoka shamba Kakuyuni kwa mguu.

DerevaWaZamani_MLD

Ndugu wa Ganda, nakubaliana nawe kuhusu saa ile. Ile nusu saa ya mwisho ilikuwa balaa, na walipoisogeza mpaka saa tatu usiku mwezi wa Juni mimi mwenyewe niliona tofauti, watu walipumua. Lakini niambie, saa nane mchana ulikuwa unaendesha vipi? Mimi saa nane mchana nilikuwa 110. Hakuna kafyu saa nane mchana. Nilikuwa naenda hivyo kwa sababu hakuna kilichonizuia, na mtu akishazoea kutozuiwa anaona ni haki yake.

---

MpwaniUghaibuni

Niko Kanada tangu 2016, kwetu ni Mambrui. Nataka niongeze kitu, maana kuna watu wanapenda kusema ni sisi tu wenye tabia hizi.

Mei 2020, mwezi huohuo wako, polisi wa Ontario walimkamata kijana wa miaka 19 akienda 308 kwa saa kwenye barabara kuu karibu na mji wa Burlington. Gari la babake. Barabara yenye kikomo cha 100. Huko California, kati ya 19 Machi na 19 Aprili 2020, polisi wa barabara kuu waliandika karibu faini 2,500 za watu waliopita kilomita 160 kwa saa. Mwaka uliotangulia, kipindi hichohicho, zilikuwa kama 1,300. Na magari yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya theluthi.

Marekani nzima maili walizoendesha watu mwaka ule zilipungua kuliko 2019, lakini waliokufa barabarani walipita 38,000, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu 2007. Wengi walishangaa, magari yamepungua na maiti zimeongezeka. Maelezo waliyoyatoa yanafanana na yako, mzee: msongamano ulikuwa ndio breki ya watu. Ukiondoka, kila mtu anabaki na akili yake. Pia waliobaki barabarani walikuwa wale wasioogopa sana, waoga walijifungia nyumbani. Mikanda haifungwi, pombe imezidi, watu wana msongo.

Kinachonitisha zaidi ni 2021. Magari yalirudi barabarani, na vifo vikapita 42,000.

DerevaWaZamani_MLD

Hapo umenigusa penyewe. Na sisi ni vilevile. 2020 Kenya ilipoteza watu zaidi ya 3,900 barabarani kwa takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na 2021 wakazidi 4,500. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, lakini mguu haukuondolewa. Nawaona vijana waliojifunza gari mwaka ule. Hawajawahi kuijua barabara nyingine. Kwao 80 ni kutambaa, na ukimwambia punguza anadhani unamtukana. Barabara imejaa tena, malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni yanarudi, tuktuk zimefufuka, na mtu bado anaendesha ile barabara ya Aprili 2020 iliyo kichwani mwake.

---

MwalimuWaFizikia

Shikamoo mzee. Mimi nafundisha sekondari hapahapa pwani, na kisa chako nitakipeleka darasani ukiniruhusu, bila jina la mahali.

Naomba niwape hesabu ambayo wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka waifanye wenyewe. Chukua lami kavu, breki nzima, dereva asiyelala. Tangu aone hatari mpaka mguu ufike kwenye breki ni kama sekunde moja na nusu. Akiwa kwenye 50, ambayo ndiyo sheria ndani ya mji, atasimama baada ya kama mita 35. Akiwa 80, kama mita 70. Akiwa 110, zaidi ya mita 110, uwanja mzima wa mpira na bado.

Sasa sikilizeni hili. Wapange madereva wawili sambamba, mmoja 80 mwingine 110, wamwone mtoto kwa wakati mmoja. Pale ambapo wa 80 amesimama kabisa, wa 110 bado anakwenda karibu 90. Yaani anafika kwa mtoto na kasi kubwa kuliko aliyoanza nayo mwenzake. Sababu ni kwamba nishati ya gari linalokwenda haipandi sawasawa na mshale wa spidi. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Na zile mita 45 za mwanzo alizimaliza kabla hata ya kugusa breki.

Hiyo ni lami kavu. Wewe ulikuwa kwenye masika.

Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kwa asilimia 4. Na mtembea kwa miguu akigongwa na uso wa gari linalokwenda 65, uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu kuliko akigongwa na la 50. Kilomita 15 tu. Hizo mtu anaziongeza akikohoa.

DerevaWaZamani_MLD

Marahaba mwalimu. Kipeleke, na jina la mahali litaje. Watoto wa Msabaha wanalijua.

---

ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi, sitasema wapi. Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye matatu natoka kazini.

Watu wanazungumza ajali za wakati ule kama jambo la pembeni, la barabarani. Nawaambia yaliyokuwa ndani. Wodi tulikuwa tumeigawa, nusu imetengwa kwa wanaoshukiwa korona. Wauguzi wengine wako karantini. Mgonjwa wa ajali analetwa, hujui ana ugonjwa au hana, na amekuja na damu, huwezi kumwambia asubiri kipimo. Tulivaa barakoa moja zamu nzima.

Na damu yenyewe. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya damu inayotolewa Kenya hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zilipofungwa, damu ilikauka nchi nzima. Nakumbuka mtu aliyeletwa saa mbili usiku, nyonga imepasuka, anahitaji chupa tatu, kuna moja. Jamaa zake hawawezi kuja kutoa kwa sababu ni kafyu. Tukapiga simu kwa askari wa kizuizi wawaruhusu wapite. Walifika saa nne. Wengine wenu mnajua mambo hayo huishaje.

Kwa hiyo ukienda 120 mwaka ule, kitanda ulichokwenda kulalia kilikuwa cha mtu mwingine.

BintiGede

Dada Zamu, Mungu akulipe. Mamangu alijifungua Mei hiyohiyo na alihitaji damu. Sikuwahi kujua kwa nini ilikuwa taabu vile. Nimekaa hapa nalia.

---

MwanaWaAmu

Nawasoma kutoka Lamu. Kisiwani kwetu magari hayapo ya kuzungumzia, tuna punda na pikipiki zinazotusumbua. Lakini barabara ya Garsen kuja Mokowe nimeipita miaka mingi, na nataka niulize swali, si kwa ubishi.

Sisi barabara yetu ilikuwa nyeupe kabla ya korona. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya 2014 watu walianza kusafiri kwa misafara ya ulinzi, na kuna vipande, hasa Nyongoro, ambavyo dereva akifika hakuna anayemwambia apunguze. Abiria wenyewe wanasema kanyaga. Januari 2020 basi lilishambuliwa palepale na watu wakafa. Je, na huyo dereva anayekimbia risasi utamhesabu pamoja na wa dakika 35?

DerevaWaZamani_MLD

Hapana, yakhe. Huyo simhesabu. Mtu anayewapitisha watu wake kwenye msitu wenye bunduki, Mungu ndiye atakayemhukumu mguu wake, na nadhani atamsamehe.

Ila nakuomba ushahidi wako mwenyewe, wewe unayeipita. Akishavuka Nyongoro, akafika Witu penye maduka na watoto, anapunguza? Mimi niliwahi kwenda na basi moja kule, na hofu ilikuwa imeshamtoka dereva kitambo, lakini mshale uko palepale. Tulipita Witu kama tunapita msituni.

MwanaWaAmu

Umesema kweli. Hapunguzi. Mwaka jana mbuzi wa shangazi yangu wamekwenda watatu kwa mpigo, saa nne asubuhi, pale sokoni. Tukashukuru ni mbuzi.

---

Dakika35

Nimefungua akaunti sasa hivi ili niandike hapa. Ami, mimi ndiye niliyesema yale maneno pale stegi. Sikujua umekaa nyuma.

2020 nilikuwa na miaka 22, ndiyo kwanza nimepewa gari. Aliyekuwa ananipa tripu alinipima kwa muda. Ukirudi mapema unapewa gari kesho, ukichelewa anapewa mwingine, na tulikuwa kumi tunaogombania gari moja. Sikuwahi kugonga mtu, alhamdulillahi. Lakini nimesoma habari ya mawe ya magoli na mwili umenisisimka, kwa sababu mawe hayo nimeyaona. Nilikuwa nayapanguza kwa tairi, naona raha yanaporuka. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeyapanga.

Samahani, ami.

DerevaWaZamani_MLD

Mwanangu, huna cha kuniomba msamaha, tulikuwa chombo kimoja. Na hilo la kupimwa kwa muda uliseme kwa sauti pale stegi, maana matajiri bado wanapima hivyo na hakuna anayewauliza. Mzee wa Msabaha ameshaandika barua ya kuomba matuta mawili kabla ya kona, inataka sahihi za madereva. Karatasi iko kwa muuza kahawa. Pita uweke yako.

Dakika35

Kesho asubuhi nitaweka, na wenzangu watatu nitakuja nao. Yule mtoto yuko wapi sasa?

DerevaWaZamani_MLD

Yupo. Amekuwa mrefu, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kwa hiyo anatembea akiinama upande. Jumamosi hushuka Malindi kumsaidia mjomba wake dukani, na mara nyingi hupanda kwangu. Kiti anachotaka ni cha mbele, hakubali kingine. Haongei sana. Anaangalia mshale. Ukigusa 80 ananiita, "Ami," basi, hasemi zaidi ya hapo, na mimi naachia.